Baada ya Bendera Kupandishwa



Wahitimu, kwamba Mwalimu Julius Kambarage Nyerere alitoka Butiama kuja kusoma shule ya Mwisenge, hapa hapa Musoma, mmeyasikia tangu darasa la kwanza. Mimi nataka tutazame yaliyofuata bendera ya uhuru ilipokwisha kupandishwa.

Tulianza kujitawala tarehe 9 Desemba 1961. Januari 1962 Mwalimu akajiuzulu uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, akaenda vijijini kukijenga chama chake na kuwaeleza watu kwamba uhuru ni kazi. Uamuzi ule naustahi mpaka leo. Lakini mwaka huo huo serikali ya chama chake ilipeleka bungeni sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani, ikapita. Anayempenda Mwalimu ayaseme yote mawili. Tulikaa zaidi ya miaka 20, taifa huru, haki za raia hazimo ndani ya Katiba.

Ziliingiaje? Mwaka 1983 chama tawala kilifungua mjadala wa Katiba. Wanasheria wakadai haki ziandikwe, wananchi wakadai. Zikaandikwa mwaka 1984, Mwalimu, aliyekuwa amerudi madarakani kama Rais, akiwa bado Ikulu, na Waziri wa Sheria akiwa mwana wa Bunda, Joseph Sinde Warioba. Hata hapo mahakama zilingojeshwa hadi 1988 ndipo zianze kuzisimamia. Haki hizi mlizozaliwa nazo ziliombwa na watu waliovumilia kuitwa wabishi.

Sasa ninyi. Kijijini kwenu kuna mkutano mkuu ambako uongozi unapaswa kusoma mapato na matumizi mbele ya wananchi. Mahali pengine hauitishwi, na wasomi wapo, wamenyamaza, kwa kuwa mtendaji ni mjomba, au wanangoja awatafutie kibarua. Hilo linaniuma kuliko sheria yoyote mbaya, maana sheria mbaya angalau mtu huipinga.

Nendeni kwenye mkutano. Waamkieni wazee, kisha mmoja wenu asimame aulize fedha za zahanati zimefikia wapi. Akiambiwa akae chini kwa sababu ni mtoto, aombe swali lake liandikwe kwenye muhtasari. Na mkutano ujao ukiitishwa, awahi, aombe muhtasari ule usomwe.