Muziki Baharini: Kubadilisha Mfumo wa Sauti katika Mashua ya Zamani

*Maneno ya mazungumzo na wenye mashua za starehe, Pwani ya Kenya*



Wengi wenu mmekuwa baharini kwa miaka mingi kuliko umri wetu, kwa hiyo hatukuja kuwafundisha bahari. Tumekuja kuzungumza juu ya jambo linaloonekana dogo, nalo ni muziki: kuondoa redio ya zamani katika mashua iliyokwisha kutumika miaka mingi, na kufunga mfumo mpya wenye amplifaya, spika na uwezo wa kupokea nyimbo kutoka kwenye simu.

Tuanze na lalamiko moja lililotufikia. Majina tumeyaacha.

Mwalimu mmoja mstaafu alikuwa na mashua ya faiba yenye umri wa zaidi ya miaka 20, aliyoinunua mkononi mwa mtu. Siku za Jumamosi, bahari ikitulia, aliwachukua wajukuu wake hadi kwenye fungu la mchanga, upande wa ndani wa miamba. Redio yake ya kanda ilikuwa imekufa. Akanunua amplifaya ambayo sanduku lake liliandikwa kwa herufi kubwa "wati 1000", pamoja na spika nne za gari, kisha akamwita fundi. Fundi alitafuta waya wenye umeme uliokuwa karibu, akaupata wa pampu ya kutoa maji ngamani, akaunga hapo. Muziki ukalia, na wajukuu wakafurahi.

Wiki ya tatu, sauti ilipoongezwa, muziki ulinyamaza ghafla. Mzee alidhani amplifaya imeharibika, akaazimia kumwita fundi Jumatatu. Hakujua kwamba fyuzi ndiyo iliyoungua, na kwamba muziki uliponyamaza, pampu nayo ilinyamaza. Usiku ule mashua ikiwa nangani ndani ya hori, mvua ya masika ilinyesha mpaka alfajiri. Kulipokucha, maji yalikuwa yameifunika injini.

Alipotujia alikuwa na swali moja: nani alipe? Duka lilisema kwamba amplifaya haina kasoro. Fundi alisema kwamba aliambiwa afunge muziki, naye aliufunga. Risiti iliandikwa "amplifaya 1, spika 4" na si zaidi. Tulifaulu kumrudishia bei ya amplifaya, kwa kuwa maandishi ya nje ya sanduku hayakulingana na kijitabu kilichokuwa ndani. Kuhusu injini, hatukufaulu. Hapakuwa na karatasi iliyoonyesha kazi gani iliagizwa wala ilifanywaje.

Hatuisimulii habari hii ili kumcheka mtu. Tunaisimulia kwa sababu hasara ile ingalizuiwa kwa maswali machache yaliyoulizwa kabla ya fedha kutoka mfukoni. Maswali hayo ndiyo tuliyokuja nayo leo.

Nyaya kabla ya spika

Katika mashua ya zamani, fedha ya kwanza itumike kwenye nyaya. Hewa ya chumvi hupenya ndani ya ganda la waya na kuila shaba taratibu, hata mahali ambapo kwa nje waya unaonekana mzima. Waya ulioliwa hupitisha umeme kwa shida, na penye shida hiyo huzuka joto. Mvueni fundi shaka kwa jaribio rahisi: akate ncha ya waya wa zamani na kuvua ganda. Shaba ikiwa nyeusi au ya kijani, waya huo usibebeshwe mzigo mpya.

Waya ufaao baharini ni wa shaba iliyopakwa bati. Jihadharini na waya wa bei nafuu unaouzwa pamoja na vifaa vya muziki vya magari, ambao mara nyingi ni alumini iliyopakwa shaba kwa juu. Kuutambua si kazi ngumu. Ukwangueni kwa kisu. Waya wa shaba yenye bati ni mweupe nje na mwekundu ndani. Ule wa alumini ni mwekundu nje na mweupe ndani. Huo wa pili uachwe dukani.

Gari hurudisha umeme kupitia bodi lake la chuma, kwa hiyo fundi wa magari huzoea kufunga waya mmoja tu na kuegemeza ule mwingine kwenye bodi. Mashua ya faiba haina bodi la namna hiyo, na ile ya chuma haifai kutumiwa hivyo, kwa kuwa umeme unaozurura huharakisha kuliwa kwa chuma majini. Kila kifaa kiwe na waya wa kwenda na waya wa kurudi.

La mwisho katika nyaya ndilo lililomfika mwalimu wetu. Muziki uwe na njia yake yenyewe kutoka kwenye betri, yenye swichi yake na fyuzi yake. Fyuzi hiyo ikae karibu na betri. Kanuni inayofuatwa na watengenezaji wengi wa mashua ni kutozidi sentimita 18 hivi kutoka kwenye ncha ya betri. Kazi ya fyuzi ni kuulinda waya usiwake moto, na waya usio na fyuzi hauna mlinzi. Pampu ya maji, taa za safari na redio ya mawasiliano kamwe zisigawane njia na muziki.

Wati za sandukuni na wati za kweli

Neno linalowapotosha wanunuzi kuliko yote ni wati. Kiasi kinachoandikwa kwa herufi kubwa mara nyingi ni kile cha kilele, yaani nguvu ambayo kifaa kinaweza kuitoa kwa nukta ya sekunde tu. Kinachofaa kulinganishwa ni nguvu ya kudumu, ambayo huonyeshwa kwa herufi RMS, kwa kila spika.

Hata bila kijitabu mnaweza kuupima ukweli wa sanduku. Tazameni fyuzi iliyo nyuma ya amplifaya. Zidisheni ampea zake kwa volti 12 za betri. Fyuzi ya ampea 25 inaruhusu takriban wati 300 kuingia, na zinazotoka kwenye spika lazima ziwe pungufu, kwa kuwa sehemu hupotea kuwa joto. Kifaa cha namna hiyo hakiwezi kutoa wati 1000 za kudumu. Mkiona pengo kubwa kiasi hicho, mwombeni muuzaji alieleze kabla ya kulipa.

Betri itakayowarudisha nyumbani

Chukueni amplifaya ya kweli ya wati 50 kwa kila spika, spika zikiwa nne. Hizo ni wati 200. Amplifaya za kisasa za daraja D hazipotezi umeme mwingi, hivyo kwa sauti ya juu kabisa zitavuta ampea 20 hivi. Zile za daraja AB hupoteza karibu nusu kwa joto, nazo zinaweza kuvuta zaidi ya ampea 30. Betri ya kawaida ya ampea 100 kwa saa haifai kutumiwa zaidi ya nusu yake ikiwa mnataka idumu. Nusu hiyo, kwa amplifaya ya kwanza, ni saa mbili na nusu. Kwa ile ya pili, ni saa moja na nusu au zaidi kidogo. Ni kweli kwamba muziki hauvuti kiasi hicho kila dakika. Lakini betri nyingi mashuani si mpya, na friji na taa nazo hudai fungu lao.

Fikirini basi mmetia nanga fungunì tangu asubuhi, injini imezimwa, watoto wanaogelea, muziki unalia. Jioni maji yanaanza kupwa na upepo wa kusi unashika kasi. Mnazungusha ufunguo, nayo injini inatoa mlio mmoja tu. Ndiyo maana tunasisitiza betri mbili: moja ya injini peke yake, na nyingine ya muziki na mahitaji mengine, zikitenganishwa na swichi au kifaa kinachozuia moja kuinyonya nyingine. Mwenye nafasi ya betri moja tu awe na kipimo cha volti karibu na usukani. Betri ya asidi iliyopumzika ikiwa imejaa husoma volti 12.6 au zaidi kidogo, ikisoma 12.2 imefika nusu, na muziki uzimwe.

Kuna pia waya wa njano unaotoka nyuma ya redio nyingi. Huo huhifadhi saa na stesheni, na huvuta umeme kidogo usiku na mchana. Katika gari linalotembea kila siku hauna madhara. Katika mashua inayolala nangani kwa wiki kadhaa, unaweza kuimaliza betri. Upiteni kwenye swichi kuu. Kutafuta stesheni upya si gharama.

Maji, chumvi na jua

Vifaa vingi huandikwa IPX6 au IPX7. Ya kwanza inamaanisha kwamba kifaa kilimwagiwa maji kwa nguvu, na ya pili kwamba kilizamishwa hadi mita 1 kwa dakika 30, bila kudhurika. Lakini vipimo hivyo havihusu chumvi wala jua. Tena ulizeni kama alama hiyo ni ya kifaa kizima au ya uso wake tu, maana redio nyingi huhimili maji kwa mbele, ilhali mgongo wake unahitaji mahali pakavu. Spika ya gari yenye koni ya karatasi na fremu ya chuma, hata ikiwa na sauti tamu dukani, haitadumu baharini.

Kabla ya kutoboa shimo jipya, fundi ajue kilicho nyuma ya ukuta: mrija wa mafuta, nyaya, au chumba cha hewa kinachoifanya mashua ielee. Na penye mbao katikati ya tabaka za faiba, kingo za shimo zizibwe kwa gundi ya epoksi, la sivyo maji yataingia na kuozesha ukuta kwa ndani.

Wenye injini za petroli wasiweke amplifaya ndani ya chumba cha injini au cha tangi, isipokuwa kama imetengenezwa mahususi isitoe cheche. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hukaa chini na kusubiri cheche moja.

Dira na redio ya mawasiliano

Spika ina sumaku, na sumaku huivuta dira. Kabla ya kukata popote, shikeni spika mahali inapokusudiwa kuwekwa na mtazame dira. Ikisogea hata kidogo, tafuteni mahali pengine. Rudieni jaribio muziki ukilia.

Kisha washeni redio ya VHF na kusikiliza chaneli 16, ambayo ndiyo ya wito na dharura. Zimeni muziki, uwasheni tena. Kama redio inaanza kukwaruza, amplifaya au nyaya zake zinaingilia mawasiliano, na kazi haijakwisha. Hata mfumo uliofungwa vizuri unaweza kuwa hatari ukimzuia nahodha kusikia mtu anayeomba msaada, au mtoto anayeita kutoka majini. Kipimo chetu ni hiki: anayeshika usukani aisikie VHF bila kupunguza muziki.

Haki yenu na karatasi yenu

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinawapa watumiaji haki ya bidhaa na huduma zenye ubora wa kuridhisha, haki ya kupata habari wanazohitaji ili wafaidike nazo, haki ya kulindwa afya na usalama wao, na haki ya kufidiwa kwa hasara itokanayo na kasoro. Haki hizo ni zenu hata msipokuwa na karatasi. Kuzithibitisha bila karatasi, kama alivyoona mwalimu wetu, ndiko kugumu.

Basi kabla ya kulipa, ombeni majibu haya yaandikwe:

1. Nguvu ya kudumu ya amplifaya kwa kila spika ni wati ngapi, na fyuzi yake ni ya ampea ngapi?
2. Kifaa kimetengenezwa kwa ajili ya mashua au gari, na dhamana inaendelea kikifungwa mashuani?
3. Waya ni wa namna gani, na una unene gani?
4. Umeme utachukuliwa wapi, na fyuzi itawekwa wapi?
5. Nani atajaribu pampu, dira na VHF kazi ikikwisha, na mbele ya nani?
6. Kazi ikiharibika, nani atarekebisha, na kwa muda gani?

Pigeni picha za nyaya kabla na baada ya kazi. Hifadhini sanduku na kijitabu. Bakizeni sehemu ya malipo ya fundi hadi majaribio ya swali la tano yamekamilika.

Mwalimu yule angali ana mashua yake. Injini ilifunguliwa, ikaoshwa na kutengenezwa kwa akiba aliyokuwa ameiweka kwa mambo mengine. Alipokuja kuchukua hati zake ofisini, tulimwuliza kama atafunga muziki tena. Akajibu kwamba atafunga, ila safari hii ataanza na pampu.