Kora na Wanawe: Neno kwa Tunaoongoza Kwaya



Neno yubile tunaloadhimisha leo, baada ya miaka 50 ya kuimba, linatoka Walawi 25. Huko tunasoma kwamba baragumu ya yubile ilipigwa siku ya upatanisho, siku ambayo Waisraeli walijinyenyekeza mbele za Mungu. Shangwe ilianza watu wakiwa wamejichunguza. Ndiyo maana tumeombwa tuseme machache juu ya moyo wa kiongozi kabla keki haijakatwa, na kabla ya uchaguzi wa kamati mpya.

Tumemchagua Kora. Wengi wanamkumbuka kwa sababu ardhi ilipasuka, lakini sisi waimbaji tuna sababu ya karibu zaidi ya kumsoma, nayo tutaifikia. Alikuwa Mlawi wa ukoo wa Kohathi, wale waliobeba vyombo vitakatifu mabegani mwao. Hakuwa mtu wa pembeni. Tayari alikuwa na kazi ya heshima.

Katika Hesabu 16 anamwendea Musa na Haruni akiwa na Dathani, Abiramu na wakuu 250. Hoja yake, tukiwa wakweli, inavutia: watu wote ni watakatifu, kwa nini hawa wawili wajikweze? Angeisema katika mkutano wetu mkuu wa mwaka, wengi tungepiga makofi. Lakini Musa anamwuliza kama utumishi aliopewa anauona mdogo, hata sasa anautaka na ukuhani. Hapo mambo yanafunuka. Maneno ya haki yanaweza kubeba tamaa ya cheo, na pengine msemaji mwenyewe asijue.

Kwetu tamaa hiyo huvaa sare ya kwaya. Tunasema tunatetea ubora wa uimbaji, kumbe tunataka solo irudi kwa binti yetu. Mwalimu akimpa mwingine, koo letu linaanza kuuma Jumamosi ya mazoezi. (Tunacheka, lakini tunajuana.) Tunadai hesabu za pesa za albamu, na ni haki kabisa: mtunza hazina asome hesabu na aonyeshe risiti. Swali ni kama tungezidai kwa sauti ile ile iwapo mtunza hazina angekuwa mtu wa upande wetu. Na tukialikwa kuimba mazishi ya mtu maskini kule ndani, ambako hakuna kamera wala chai, huwa tunafika wangapi?

Sisi tulio kwenye kamati tuna mtihani wetu pia. Kora alitaka cheo ambacho hakupewa. Kiongozi wa miaka mingi anaweza kuanza kukiona alichopewa kuwa shamba la baba yake, na kila kijana mwenye wazo jipya akamwita Kora. Hilo nalo ni la kuchunguzwa, tena kwa makini, maana Musa aliposhtakiwa hakukimbilia kumnyamazisha mtu. Kwanza alianguka kifudifudi.

Sasa ile sababu ya karibu. Hesabu 26 inasema wana wa Kora hawakufa. Wazao wake walikuwa mabawabu wa nyumba ya Mungu, na wengine wakawa waimbaji; Zaburi 42, 84 na 85 zina jina lao. Hemani, mmoja wa viongozi watatu wa uimbaji wakati wa Daudi, alikuwa mzao wa Kora. Kichwa cha Zaburi 88 kina jina la Hemani. Isomeni. Inaishia gizani, haina ubeti wa ushindi, na hatudhani ingeshinda mashindano ya kwaya hata mara moja. Hata hivyo, ndiyo inayobeba jina hilo.

Baada ya ibada katibu atagawa karatasi za mapendekezo. Tunaomba kila atakayependekezwa akae na sura hizi mbili, Hesabu 16 na Zaburi 88, kwa wiki nzima kabla ya kukubali. Atakayekataa asisukumwe wala asisengenywe. Sisi tunaotoka tutakabidhi funguo za stoo, vinanda, daftari la hesabu na sare za akiba siku ile ile ya uchaguzi, mbele ya wanakwaya wote.