Kabla ya Kunywa Maji ya Kisima, Yapimwe

Hotuba ya Afisa wa Mawasiliano wa Kaunti kwa wakazi wa Nakuru



Sote tumewaona watoto wenye meno ya rangi ya kahawia. Wengine huchekwa shuleni, wakiambiwa hawapigi mswaki. Si haki. Chanzo kiko ardhini, na mtaalamu wa miamba pekee hawezi kukieleza chote.

Yeye hutuambia kuwa Bonde la Ufa lina miamba ya volkano yenye floridi. Mkemia huongeza kuwa maji mengi ya chini ya ardhi huku yana kalsiamu kidogo. Kalsiamu ingekuwa nyingi, ingeshikamana na floridi na kuipunguza majini. Daktari wa meno naye hueleza kuwa floridi ikizidi huharibu jino likiwa bado linajiunda ndani ya ufizi. Ikizidi sana kwa miaka mingi, hudhuru hata mifupa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita.

Fizikia pia imo. Kabla ya kuchimba, wapimaji hupitisha umeme ardhini, kwa kuwa mwamba wenye maji huupitisha kwa urahisi kuliko mwamba mkavu. Kipimo hicho huonyesha mahali maji yanapoweza kupatikana. Hakisemi kama yanafaa kunyweka. Hilo ni jibu la maabara.

Kwa hivyo, kikundi kinachochangisha pesa za kisima kisimalize zote kwa mashine na tangi. Tengeni za kupima maji, na mpate kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji kabla ya kuchimba.

Nyumbani, kumbukeni kuwa kuchemsha maji huua viini lakini hakuondoi floridi. Mvuke hutoka, floridi hubaki. Chujio la mkaa wa mifupa huipunguza, mradi mkaa ubadilishwe unapochoka. Maji ya mvua yana floridi kidogo sana. Yakingwe kwenye paa safi, yatibiwe, na watoto wadogo wapewe kwanza, kwa sababu meno yao ndiyo yanayojiunda sasa.

Jino likishaota na madoa hayo, mswaki hauyatoi. Tupime maji mapema.