Sikio na Kazi Yake

Sikio lionekanalo nje ni mlango tu. Sauti huingia tunduni ikaitikisa ngozi nyembamba iliyowambwa mfano wa ngoma. Nyuma yake vimo vifupa vitatu, vidogo kuliko vyote mwilini, navyo huupeleka mtikiso huo hadi chumba cha ndani kilichojipinda kama kombe la konokono. Humo mna maji na chembe zenye vinyweleo, ambazo hupeleka habari kwenye ubongo kwa njia ya mshipa wa fahamu.

Kijiti au unyoya huweza kuitoboa ngozi ile, na usaha usiotibiwa huweza kuvila vifupa. Chembe nazo zikifa hazioti tena. Basi mtoto atokwaye na usaha sikioni na apelekwe kwa daktari upesi, asije akawa kiziwi.