Wageni Wanaovuka Bahari Kujifunza Ngoma

(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo cha watu wazima)



Leo tuzungumze habari ya ngoma. Najua wako watakaosema, "Ngoma tena? Ngoma tunaijua, tumezaliwa nayo." Ni kweli. Lakini hebu nisikilizeni kwanza. Kuna watu wanaotoka Ujerumani, Ufaransa, Marekani na Japani. Wanalipa nauli kubwa ya ndege na kwenda Afrika Magharibi. Huko wanakaa nyumbani kwa wenyeji wiki mbili, wiki tatu, wengine miezi. Hawaendi kutazama simba, wala hawaendi kuchimba dhahabu. Wanakwenda kukaa chini mbele ya fundi wa ngoma na kumwomba awafundishe kupiga na kucheza.

Sasa tujiulize. Wanatafuta nini? Wenyeji wanapata nini? Na sisi tujifunze nini?

Ngoma inayoitwa "jembe"

Tuanze na nchi ya Guinea. Iko Afrika Magharibi, na mji wake mkuu ni Conakry. Mto mkubwa wa Niger unaanzia katika nchi hiyo. Ukitoka pwani ukaenda ndani sana, unafika sehemu za Kouroussa na Siguiri. Huko wanakaa Wamalinke, na wengi wao ni wakulima kama sisi.

Ngoma yao kubwa inaandikwa "djembe", lakini inatamkwa karibu sawa na jembe letu la kulimia. Msicheke, ndivyo ilivyo! Umbo lake ni kama kinu cha kutwangia: juu pana, chini pembamba. Inachongwa kwa gogo moja na kuwambwa ngozi ya mbuzi. Siku hizi ngozi hukazwa kwa kamba na pete za chuma. Hupigwa kwa mikono mitupu.

Mti mmoja wanaoupenda kuchongea wanauita lenke. Mti huo ni ndugu wa mkongo wetu, ule ambao wengine huuita mbambakofi. Kwa hiyo fundi wa seremala wa hapa akipewa gogo la lenke, hatalishangaa sana.

Djembe haipigwi peke yake. Inafuatana na ngoma tatu za kupigwa kwa fimbo, nazo ni kenkeni iliyo ndogo, sangban ya kati, na dundunba iliyo kubwa. Kila moja ina maneno yake. Ukisikiliza moja tu, unaona ni jambo dogo. Zikilia zote pamoja, ndipo unasikia mazungumzo.

Tena kila mdundo una kazi yake. Upo mdundo wa kassa, nao ni wa kazi ya shamba. Watu wanalima au wanavuna, na wapigaji wako pale shambani wanawatia nguvu. Basi hapo jembe la chuma na jembe la ngozi hufanya kazi pamoja! Upo mdundo wa soli, ambao ni wa jando. Na ipo dundunba, ngoma ya wanaume wenye nguvu. Wanaicheza kwa mzunguko na kwa kufuata rika. Kijana hawezi kuwapita wakubwa wake akatangulia mbele.

Mgeni anajifunza nini

Mgeni akifika, kazi ya kwanza ni mikono. Djembe ina sauti kuu tatu. Ya kwanza ni nzito, unaipiga katikati ya ngozi kwa kiganja. Ya pili ni ya wazi, unaipiga ukingoni kwa vidole vilivyobanwa pamoja. Ya tatu ni kali, inapasua kama kofi. Ukisikia fundi anazipiga unadhani ni rahisi. Mgeni anajaribu siku nzima, na sauti zote tatu zinatoka sawa. Jioni mikono imevimba.

Kazi ya pili ni masikio. Wengi wamezoea kusoma muziki katika karatasi na kuhesabu moja, mbili, tatu, nne. Fundi hana karatasi. Anapiga, nawe unafuata. Ukikosea, anapiga tena. Mara nyingine anauimba mdundo kwa mdomo ili uushike. Mgeni anauliza, "Mdundo huu unaanzia wapi?" Fundi anamwonyesha mchezaji. Maana mpigaji mkuu huangalia miguu ya mchezaji. Mchezaji akibadili, naye anabadili. Akitaka wote wasimame au wageuze mwendo, anapiga mwito, na wote wanajua. Ndiyo maana anayejifunza kupiga hana budi ajue na kucheza, walau kidogo.

Kazi ya tatu ni kuishi na watu. Mgeni anakula sinia moja na wenyeji. Anajifunza salamu, kwani pale salamu si ya kukimbia. Unaulizwa habari za nyumbani, za watoto, za kazi. Anaona ngoma arusini, ikipigwa kwa ajili ya bibi arusi na si kwa ajili ya mtalii. Wengi wanasema hapo ndipo wanapoelewa. Mdundo waliojifunza darasani kwao ulikuwa kama mbegu ndani ya kopo. Sasa wanauona umeota.

Mambo haya yalianzaje?

Mwaka 1952 mwalimu mmoja wa Guinea, Fodéba Keïta, aliunda kikundi cha ngoma huko Paris, Ufaransa. Kikaitwa Les Ballets Africains, yaani kikundi cha wachezaji wa Kiafrika. Mwaka 1958 Guinea ilipata uhuru, na Rais Sékou Touré akakifanya kikundi hicho kuwa cha taifa. Kikazunguka dunia. Nchi nyingi zilikuwa hazijui Guinea ni nini. Zikaijua kwa ngoma.

Vijana walichaguliwa kutoka vijijini. Famoudou Konaté, aliyezaliwa kijiji cha Sangbarala mwaka 1940, alikuwa mpigaji mkuu wa kikundi hicho kwa zaidi ya miaka 20. Mamady Keïta alizaliwa Balandugu mwaka 1950. Alichukuliwa akiwa bado kijana kuingia kikundi kingine cha taifa, kilichoitwa Djoliba, kilichoanzishwa mwaka 1964.

Lakini tusifiche upande wa pili. Serikali hiyo hiyo iliendesha kampeni ya kupiga vita mambo ya siri ya jadi. Mahali pengi, hasa kwenye misitu, vinyago viliharibiwa na wazee wakadhalilishwa. Halafu ngoma ambazo zamani zilichezwa kwa heshima ya pekee zikapandishwa jukwaani. Na Fodéba Keïta mwenyewe, aliyekuwa amefika kuwa waziri, alikamatwa na kuuawa mwaka 1969 katika gereza la Camp Boiro. Kwa hiyo ngoma iliyoshangiliwa nje ilikuwa na machozi nyumbani.

Sékou Touré alifariki mwaka 1984. Baada ya hapo msaada wa serikali kwa wasanii ulipungua sana. Mafundi wakatafuta maisha nje. Konaté akaenda kufundisha Ujerumani, na mwaka 1996 chuo kikuu cha sanaa cha Berlin kilimpa heshima ya uprofesa. Fikirini, mtu aliyejifunza ngoma kijijini, bila cheti, anaitwa profesa Ulaya! Mamady Keïta alifungua shule Brussels, Ubelgiji, mwaka 1991. Mwaka huo huo ilitoka filamu inayomwonyesha akirudi kijijini kwao baada ya miaka 26. Alifariki mwaka 2021, na ameacha wanafunzi katika nchi nyingi.

Wanafunzi hao wa Ulaya ndio walioanza kuuliza, "Mwalimu, huko kwenu kukoje?" Wakafunga safari. Njia ikafunguka hivyo.

Kisiwa cha wavuvi Japani

Nitawapa mfano mmoja mzuri. Kusini mwa Japani kuna wilaya ndogo ya visiwa inaitwa Mishima. Watu wake ni wachache, na vijana wengi huhamia mijini. Mwaka 1994 Mamady Keïta alifika huko akapiga ngoma pamoja na watoto. Watu wa kisiwa wakaipenda, wakaishika. Mwaka 2004 wakafungua shule ya djembe pale pale kisiwani. Watu wakaanza kutoka miji ya Japani kwenda kisiwani kujifunza.

Mnaona? Ngoma ya wakulima wa Guinea imewaletea wageni wavuvi wa Japani. Hawakuidharau kwa sababu imetoka kijijini.

Na Ghana je?

Ghana walishika njia ya shule mapema. Rais Kwame Nkrumah alitaka elimu ya Kiafrika ifundishwe chuo kikuu. Chuo cha Taaluma za Kiafrika kikaanzishwa huko Legon, karibu na Accra, naye akakifungua rasmi mwaka 1963. Profesa Kwabena Nketia, aliyefariki mwaka 2019, alikaa miaka mingi akiandika habari za ngoma na nyimbo za nchi yake. Mafundi wa ngoma kutoka vijijini waliletwa kufundisha hapo. Wageni walikuja kujifunza kwao.

Pia wageni wengi hufika kwa Waewe, kusini mashariki mwa Ghana. Katika kijiji cha Kopeyia, karibu na mpaka wa Togo, kuna kituo cha ngoma kilichoanzishwa na fundi Godwin Agbeli. Waewe wana kengele ya chuma inayoitwa gankogui. Hiyo ndiyo inayoongoza wote. Anayeipiga hapotei hata ngoma zote zikichachamaa. Ngoma yao kubwa, atsimevu, ni ndefu mpaka huegemezwa kwenye nguzo ili ipigwe.

Faida na hatari

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Faida zipo. Fundi anapata ada. Mama anayepika anapata chochote. Mchongaji anauza ngoma. Kijana aliyeona haya ya ngoma ya babu yake, akimwona Mjapani anatoka jasho kuijifunza, anaanza kufikiri.

Hatari nazo zipo, tuzihesabu.

Kwanza, fedha nyingi huishia mjini, au kwa yule anayeandaa safari. Mzee wa kijijini anayejua asili ya mdundo anaweza asipate kitu.

Pili, mgeni ana wiki mbili tu, naye anataka mambo ya haraka. Basi vijana wanajifunza kupiga kwa kasi na mbwembwe, kwa sababu ndizo zinazouzwa. Midundo ya polepole, ile ya kulima na kuvuna, inasahauliwa.

Tatu, miti inakwisha. Magogo mazito yanachukua miaka mingi kukua. Mwaka 2022 mataifa yalikubaliana kwamba biashara ya mbao za jamii ya lenke na mkongo za Afrika iwekwe chini ya uangalizi. Tukikata bila kupanda, wajukuu watachonga nini?

Nne, yapo mambo ya unyago na jando yasiyo ya kila mtu. Mwenye ngoma anayo haki ya kumwambia mgeni, "Hii utafundishwa, ile hapana." Mgeni mwema anaelewa. Asiyeelewa, aambiwe tena.

Sisi tufanye nini?

Sasa nafika kwenye jambo lililonileta. Vitabu viwili vya midundo ya mafundi hawa wa Guinea vilichapishwa Ujerumani, kimoja mwaka 1997 na kingine mwaka 1999. Mafundi wenyewe walisema, na watu wa Ulaya walishika kalamu wakaandika pamoja nao. Ni kazi nzuri, wala siwalaumu. Lakini mafundi wawili wale walipata bahati ya kujulikana. Je, ni mafundi wangapi wa vijiji jirani walikufa na midundo yao, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuandika?

Ninyi hapa mmejifunza kuandika. Hamna haja ya kumngoja mgeni. Chukueni daftari. Mwendeni mzee anayejua ngoma, mkae naye. Andikeni jina la ngoma. Andikeni hupigwa lini, na kwa sababu gani. Andikeni ni ngoma ngapi zinazolia pamoja, na kila moja inaitwaje. Andikeni maneno ya nyimbo, na maana ya yale maneno ya zamani ambayo vijana hawayajui. Andikeni imechongwa kwa mti gani, na ngozi ya mnyama gani. Mwisho andikeni jina la mzee aliyewaambia, ili haki yake isipotee. Mwenye simu inayonasa sauti, anase.

Lakini daftari halipigi ngoma. Lazima vijana wakae na kupiga, vidole vivimbe, kama wageni wale wanavyovimba. Kama mtu anatoka Japani kwenda Guinea kwa ajili hiyo, kijana wa hapa ashindwe kuvuka uwanja kwenda kwa babu yake?

Wahenga wamesema, mcheza kwao hutunzwa. Basi tucheze kwetu, na tuwatunze wanaotufundisha wangali hai. Wakiisha kuondoka hatutakuwa na wa kumwuliza.



Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Ni ngoma zipi za hapa kwetu ambazo hazipigwi tena? Zilikoma kwa sababu gani?
2. Nani kijijini bado anajua kuchonga na kuwamba ngoma? Je, ana mwanafunzi?
3. Mgeni akija kutaka kujifunza, alipe nini, na alipwe nani?
4. Mambo gani ya ngoma zetu afundishwe, na yapi asifundishwe?