Mtoto Anayeonewa Shuleni

Mtoto anayeonewa shuleni mara nyingi hasemi. Dalili ndizo husema: shati la shule lililong'oka vifungo, daftari lililochanwa, hela ya chai inayonyang'anywa kila siku, tumbo linalouma kila Jumatatu asubuhi.

Mzazi akiona hayo, kwanza amsikilize mtoto. Asimkaripie. Asimwambie arudishe ngumi. Amhakikishie kuwa kosa si lake.

Kisha aandike: nani, wapi, lini. Aende kwa mwalimu wa darasa, na baada ya siku chache arudi kuulizia hatua zilizochukuliwa. Uonevu ukiendelea, amwone mwalimu mkuu. Tanzania na Kenya, simu ya msaada kwa watoto ni 116, bila malipo.

La kwanza, mtoto asikilizwe. La pili, mzazi afuatilie mpaka uonevu ukome.