Binti Yako na Kijana Mnyonya Damu

  Tumekwisha kuzungumza hapa juu ya chanjo, kuhara na lishe. Leo nitazungumza juu ya kitabu cha hadithi. Usishangae. Kitabu chaweza kumnyima mtoto usingizi sawasawa na jino bovu, na yaliyomo ndani yake yaweza kukaa moyoni mwa msichana kuliko ushauri wa shangazi watatu.

Mama mmoja alinijia akiwa amekifunga kitabu ndani ya leso, kama mtu aliyebeba kitu cha aibu. Jalada lake lilikuwa jeusi, na juu yake mikono miwili myeupe imeshika tofaa jekundu. Akaniambia, "Sista, huyu mtoto nadhani amerogwa." Binti yake, mwanafunzi wa kidato cha pili, alikuwa amekisoma kitabu hicho mara nne. Usiku alisoma kwa tochi chini ya blanketi. Alikuwa hasemi na binamu yake waliyelelewa pamoja, kwa sababu binamu alikicheka kitabu hicho mbele ya wenzao. Na mama mwenyewe alikuwa ameapa kukitia ndani ya jiko la makaa. "Ni cha mapepo," akasema. "Msichana anampenda mtu anayekunywa damu!"

Nilimwelewa. Wengi wetu tulipokuwa wadogo tulitishwa kwa habari za mumiani, watu waliosemekana kuwinda wenzao usiku ili kuwatoa damu. Ukisikia mumiani, ulikimbilia nyumbani kabla jua halijatua. Hakuna msichana niliyemsikia akitamani kuolewa na mumiani.

Lakini huyu wa kitabuni ni mwingine. Kitabu kinaitwa Twilight. Kiliandikwa na Stephenie Meyer, mama wa wavulana watatu huko Arizona, Marekani, ambaye amesema kisa chenyewe kilimjia ndotoni mwezi Juni 2003. Kilichapishwa mwaka 2005, na kufikia 2008 vitabu vya mfululizo huo vilikuwa vinne. Msichana aitwaye Bella, mwenye miaka 17, anahamia kwa baba yake katika mji mdogo wa mvua uitwao Forks, jimbo la Washington. Shuleni anakutana na Edward, kijana mzuri wa sura, mwenye ngozi baridi kama jiwe. Edward anaonekana ana miaka 17, lakini amekuwa na umri huo tangu mwaka 1918, alipokuwa karibu kufa kwa ule ugonjwa wa mafua ulioua mamilioni ya watu duniani, naye akageuzwa kuwa mnyonya damu. Hanywi damu ya watu, huwinda wanyama. Yuko pia Jacob, kijana anayegeuka mbwa mwitu, naye pia anampenda Bella.

Basi wasomaji wakagawanyika, hawa wa Edward na hawa wa Jacob, kama vile mashabiki wa Gor Mahia na wa Ingwe. Walivaa fulana zenye jina la kijana wao. Vitabu vimeuzwa zaidi ya nakala milioni 100. Filamu tano zilitolewa kati ya 2008 na 2012, na Robert Pattinson, aliyeigiza Edward, hakuweza kutembea barabarani kwa amani. Mwaka 2009 iliripotiwa kwamba aliguswa na teksi mjini New York alipokuwa akikwepa wasichana waliomzonga. Mwaka 2008 sehemu ya kitabu kingine, ambacho mwandishi alikuwa bado anakiandika, ilivuja na kusambazwa. Mwandishi akakiweka kando, na kitabu hicho, Midnight Sun, hakikutoka mpaka 2020. Na nikuambie jambo litakalokuchekesha, mama: mashabiki hao hawakuwa wasichana peke yao. Wanawake wazima, wenye waume na watoto, walipanga foleni pamoja na binti zao.

Wapinzani nao walikuwa na kelele zao. Mwaka 2009, katika mkutano mkubwa wa mashabiki wa filamu na vitabu vya picha unaofanyika San Diego, wako waliosimama na mabango yaliyosema kwamba Twilight imeuharibu mkutano wao. Stephen King, mwandishi maarufu wa hadithi za kutisha, alisema waziwazi kwamba Meyer hajui kuandika vizuri. Wako wazazi waliotaka kitabu kiondolewe katika maktaba za shule kwa sababu za dini na za mapenzi. Chama cha wakutubi wa Marekani, American Library Association, kilikiweka miongoni mwa vitabu 10 vilivyolalamikiwa zaidi mwaka 2009, na tena mwaka 2010. Kwa hiyo mama yule mwenye leso hakuwa peke yake.

Kati ya wapinzani hao, wengi walikuwa wanawacheka wasichana tu. Jambo likipendwa na wavulana, kama mpira, tunasema ni mchezo. Likipendwa na wasichana, tunasema ni wazimu. Mimi sikubaliani na kicheko hicho, na sababu yangu ni ya afya kabisa. Msichana anayechekwa kwa kile anachokipenda hakiachi. Anakificha. Na akijifunza kukuficha kitabu, atakuficha na mengine.

Lakini wako wapinzani waliosema jambo la kusikilizwa. Walichukua orodha ya dalili za mapenzi ya mateso, zile ambazo washauri huwafundisha wanawake, wakailinganisha na mambo ya Edward, na mengi yakalingana. Hebu tuyatazame, kwa maana hapa ndipo penye kazi yetu.

Katika kitabu cha kwanza, Edward anaingia chumbani kwa Bella usiku na kumtazama akiwa amelala, usiku baada ya usiku, kabla msichana hajajua. Kitabuni ni dalili ya mapenzi. Nyumbani kwako, mama, ungepiga mayowe majirani waje. Katika cha tatu, kiitwacho Eclipse, Edward anaondoa kifaa katika injini ya gari la Bella ili asiweze kwenda kumwona Jacob. Anasema anamlinda. Jacob naye, ambaye wengi humwona ndiye mwema, anambusu Bella kwa nguvu. Msichana anampiga ngumi mpaka anaumia mkono wake mwenyewe, na baba yake, ambaye ni mkuu wa polisi wa mji, anampongeza kijana! Niliposoma hapo nilikiweka kitabu chini nikanywa maji.

Na katika cha pili, New Moon, Edward anamwacha. Msichana anazama. Kurasa zinapita zikiwa na majina ya miezi tu, Oktoba, Novemba, Desemba, Januari, bila neno lingine. Halafu anaanza kutafuta hatari, anaendesha pikipiki ovyo, anaruka baharini kutoka kwenye jabali, kwa sababu akiwa hatarini husikia sauti ya mpenzi wake. Mama, huo ni ugonjwa. Huzuni ya kuachwa ni ya kawaida, na kila mmoja wetu ameionja. Lakini kijana akikaa majuma mawili au zaidi hana raha na chochote, hali vizuri, halali au analala kutwa, ameacha rafiki zake, au anasema afadhali asingekuwapo, usingoje ipite yenyewe. Mpeleke kliniki. Wala usiogope kumwuliza waziwazi kama amefikiria kujidhuru. Kumwuliza hakumtii wazo hilo kichwani, bali kunampa nafasi ya kulitoa.

Mwandishi mwenyewe aliyasikia maneno ya watu kwamba Bella ni dhaifu, wa kuokolewa kila siku. Mwaka 2015 alitoa kisa kilekile akiwa amebadilisha, msichana akawa ndiye mnyonya damu na mvulana ndiye wa kuokolewa. Sijui kama kilimridhisha mtu, lakini ni mchezo mzuri wa kucheza na binti yako. Mwambie, "Tuseme ni wewe unayeingia chumbani kwa mvulana usiku kumtazama akilala. Watu watakuitaje?" Mtacheka, na katikati ya kicheko atakuwa ameona.

Sasa juu ya usingizi. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi kila usiku. Yule binti wa kidato cha pili alizima tochi saa saba ya usiku, naye huamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi basi. Hizo ni saa 4. Mtoto wa namna hiyo hukasirika upesi, husinzia darasani, kichwa humwuma, na wewe unadhani amerogwa. Msikubaliane juu ya kuacha kitabu. Kubalianeni juu ya saa ya kukifunga. Kama anasoma kwenye simu, simu ilale sebuleni, na ya mama ilale hapohapo, la sivyo hatakusikia.

Jambo moja la haraka juu ya filamu. Ile ya mwaka 2011, kuna mahali Bella anajifungua ambapo mwanga unamemeteka sana, na huko Marekani iliripotiwa kwamba baadhi ya watazamaji walishikwa na kifafa ukumbini, hata shirika la kifafa la huko, Epilepsy Foundation, likatoa tahadhari. Mwenye mtoto wa kifafa ajue. Akishikwa, mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumwumiza, na usimtie kijiko mdomoni. Tena kuna hadithi ambazo mashabiki wenyewe huandika kwa kuwatumia Edward na Bella. Nyingine ni za watoto, nyingine si za watoto hata kidogo. Riwaya maarufu ya watu wazima iitwayo Fifty Shades of Grey ilianza kama hadithi ya namna hiyo. Kwa hiyo usiulize tu kama anasoma Twilight. Uliza pia iliyoandikwa na nani.

Turudi kwa mama yule. Nilimwomba kitu kimoja, asome sura tatu kabla ya kukichoma. Alinitazama kama aliyenunua maziwa akapewa maji. Lakini alisoma. Baada ya wiki alirudi. Alisema alimkuta binti anaosha vyombo, akachukua kitambaa akaanza kuvipangusa, akamwambia, "Mwanangu, huyu Edward wako mbona anaingia dirishani kama mwizi?"

Binti akacheka. "Mama, wewe umekisoma?"

"Nimesoma kidogo. Nieleze."

Mtoto akaeleza, sufuria zikaisha, wakaketi. Mama akauliza la gari na injini. Binti akasema, "Lakini anamjali, mama. Hata mwingine huchukua simu yangu aangalie nani amenipigia. Ni kwa sababu ananijali."

Mama yule aliniambia moyo ulimpiga hata akahisi masikioni. Alitaka kusimama na kupiga kelele. Hakusimama. Akauliza tu, "Na wewe ukichukua yake?" Mtoto akanyamaza. Halafu, polepole, yakatoka. Kulikuwa na kijana, amemaliza shule miaka mingi, anafanya kazi karibu na stendi. Alikuwa amemkataza kuongea na binamu yake. Mama alikuwa amedhani ugomvi wa wale watoto wawili ni wa kitabu. Kumbe binamu alikuwa ameona, akasema, naye akaambiwa ana wivu.

Fikiria kama kitabu kingekwenda jikoni siku ile ya kwanza.

Nilimweleza mambo ambayo nakueleza na wewe. Mtu mzima anayemfuata mtoto aliye chini ya miaka 18 si mambo ya mapenzi, ni mambo ya sheria, na mtoto hana kosa. Usimpige wala usimwite majina, kwa maana yule mtu amekwisha kumwambia kwamba mama yake hatamwelewa, nawe utakuwa umemthibitishia. Mwambie binti kwamba anayependa haogopi marafiki zako, haogopi simu yako, na ukimwambia hapana anaisikia mara ya kwanza. Nenda na mtu mzima mwingine unayemwamini, mwalimu wa ushauri nasaha, chifu, au afisa wa watoto. Ukiwa huna wa kumwendea, piga 116, simu ya kuwasaidia watoto hapa Kenya, haitozwi pesa. Kwa mambo ya ukatili wa kijinsia iko 1195.

Mama yule alikwenda na shangazi wa mtoto. Kijana wa stendi hakumsumbua tena, ingawa binti alilia siku kadhaa na kumwambia mama yake maneno makali. Na binamu? Mara ya mwisho nilipouliza, walikuwa wanasemezana, ila bado wanabishana juu ya Edward. Mama sasa amefika kitabu cha tatu. Anasema yeye ni wa upande wa Jacob, lakini si baada ya lile busu.

Muda wangu umekwisha. Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya hedhi na upungufu wa damu kwa wasichana, kwa hiyo mwite na binti aje asikilize. Kwaheri.